Watoto Walikuwa Wamelala

Nilikuwa na miaka tisa niliposikia mama akimwambia mdogo wake kwa sauti ya chini, "Afadhali tu watoto walikuwa wamelala." Nilikuwa nyuma ya mlango, mkononi nimeshika daftari nililotaka kumwonyesha. Mama mdogo akaguna. Nikarudi chumbani na daftari langu bila kuingia.

Hatukuwa tumelala. Tulikuwa watatu chumba kimoja, mimi, dada yangu anayenifuata na kitinda mimba wetu, na usiku ule hakuna aliyepata usingizi mpaka nyumba iliponyamaza. Kuigiza usingizi tulikuwa mabingwa. Unafumba macho bila kuyabana, maana ukiyabana kope zinatetemeka na unajulikana. Unaacha mdomo wazi kidogo. Unapumua polepole, hata kama moyo unakwenda mbio. Mama alipokuja kuchungulia alikuta watoto watatu wamelala fofofo, akafunga mlango taratibu. Aliamini kwa sababu alihitaji kuamini. Sasa nami ni mzazi, na kwa hilo simlaumu.

Nyumba ile niliijua kwa masikio. Ufunguo ukiingia kwenye kitasa mara moja, salama. Ukikwaruza kwanza, ukatafuta tundu, nilianza kuhesabu. Kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti cha baba zilikuwa hatua tano. Kiti kikilia, maana yake amekaa, na baba aliyekaa hakuwa na neno. Kiti kisipolia, nilishika mkono wa mdogo wangu. Mama naye alikuwa na ukimya wa aina mbili, wa kuchoka na wa kungoja, na mimi niliweza kuutofautisha nikiwa chumba cha pili, mlango umefungwa, taa imezimwa. Hakuna aliyenifundisha.

Maneno ya mama nimeyasikia tena mara nyingi kwa watu wazima wengine. Walikuwa wamelala. Walikuwa chumbani kwao. Bado mdogo, haelewi. Basi wapo watafiti waliokwenda kuuliza swali hilo kwa wenyewe waliolala. Mwaka 2013, katika Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, watoto wachanga 20 wa kati ya miezi 6 na 12 waliwekwa kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo wakiwa usingizini, kisha wakasikilizishwa sauti ya mtu mzima ikisema maneno yasiyo na maana, mara kwa upole, mara kwa hasira. Wale ambao mama zao walisema nyumbani kuna ugomvi mwingi, ubongo wao uliichangamkia zaidi sauti ya hasira, tena katika sehemu zinazoshughulika na hisia na mfadhaiko. Wamelala kweli, na bado wanasikia. Na hapo watafiti walikuwa wanaulizia ugomvi wa maneno, hatujafika kwenye kipigo.

Kuna methali ya fahali wawili wanaopigana na nyasi zinazoumia. Hutumiwa kila mara habari hizi zikizungumzwa, na mimi siipendi hapa. Nyasi huumia kwa kukanyagwa. Sisi baba hakuwahi kutugusa, hata kofi moja, na kwa miaka mingi nilijihesabu kuwa nimetoka mzima kwa sababu hiyo. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nikakutana na uchambuzi mmoja wa mwaka 2003 uliokusanya pamoja tafiti 118 kuhusu watoto walioshuhudia wazazi wao wakipigana. Matokeo yake yalinikalisha chini. Asilimia 63 ya watoto hao walikuwa na hali mbaya kuliko mtoto wa kawaida ambaye hajashuhudia ukatili, na wakilinganishwa na watoto waliopigwa wenyewe, tofauti ya maana haikuonekana. Kuona na kusikia kulikuwa kunatosha.

Kwa nini kutoshe? Jibu ninaloliamini mimi linaanza na baiskeli. Baba yuleyule wa ufunguo unaokwaruza ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, akikimbia nyuma yangu ameshika tandiko, anatweta, anacheka, ananiambia usitazame gurudumu, tazama mbele. Nilipoanguka alinibeba. Ningekuwa na baba mbaya tu, nadhani mambo yangekuwa mepesi. Mtoto anapoogopa, mwili wake unamtuma kwa mzazi, ndivyo tulivyoumbwa. Sasa yule anayekuogopesha akiwa ndiye unayepaswa kumkimbilia, au yule unayemkimbilia akiwa mwenyewe anatetemeka, unakwenda wapi? Mwanasaikolojia Mary Main na mwenzake Erik Hesse waliiita hali hiyo hofu isiyo na suluhu. Kwa watoto wadogo wa namna hii waliona mambo ya ajabu: mtoto anamwendea mzazi huku ameangalia pembeni, au anaanza safari ya kumfuata halafu anaganda katikati ya chumba. Nilipoisoma sehemu hiyo nilifunga kitabu nikatoka nje.

Dalili nyingine zinajulikana, nazipitia haraka. Mdogo kabisa analia bila kutulizika na usingizi wake unakatikakatika. Aliyekwisha kuacha kujikojolea anaanza upya. Wa shule anaumwa tumbo kila asubuhi na daktari haoni kitu. Mmoja anakuwa mkorofi, mwingine anakuwa mpole kupita kiasi, na huyu mpole ndiye anayesahaulika, kwa sababu hamsumbui mtu. Mimi nilikuwa mpole. Walimu walinisifu.

Lakini darasani sikuwa naelewa vizuri, na hilo lilinisumbua. Nilikuwa nasoma usoni mwa mwalimu kuliko ubaoni. Mwaka 2011 watafiti wa London walichapisha matokeo ya watoto waliokulia kwenye nyumba zenye ukatili, ambao kwa nje hawakuwa na ugonjwa wowote wa akili. Walionyeshwa picha za nyuso. Uso wenye hasira ulipotokea, sehemu mbili za ubongo zinazohusika na kunusa hatari ziliwaka zaidi kuliko kwa watoto wengine, na watafiti wakakumbusha kwamba hali kama hiyo imewahi kuonekana kwa askari waliotoka vitani. Halafu upo utafiti wa huko Uingereza uliotoka mwaka 2003, wa jozi 1,116 za mapacha wa miaka mitano. Waliokulia katikati ya ukatili mkubwa wa wazazi walikuwa pungufu kwa wastani wa pointi 8 kwenye vipimo vya akili, hata baada ya watafiti kuondoa mchango wa kurithi. Mtoto huyo si mjinga. Akili yake imeajiriwa kwingine, zamu ya usiku, na asubuhi tunamtaka afanye hesabu za kugawanya.

Sasa viatu. Usiku mmoja, nikiwa na miaka saba hivi, niliacha viatu vyangu vya shule mlangoni. Baba aliingia akajikwaa. Akauliza kwa nini nyumba hii haina mpangilio, mama akajibu neno, na kutoka hapo sina haja ya kusimulia. Watu wazima wawili walikuwa na mambo yao ya miaka mingi ambayo mimi siyajui mpaka leo, fedha, wivu, pombe, jeraha ambazo baba naye alikuja nazo kutoka kwa wazazi wake. Lakini mimi nilijua chanzo. Chanzo kilikuwa viatu vyangu. Tangu usiku ule nilivipanga ukutani, kisigino kwa kisigino, vyangu na vya kila mtu. Na ugomvi ulipotokea viatu vikiwa vimepangwa, nilitafuta kosa lingine. Mtoto atakubali kuwa mkosaji kuliko kukubali kwamba hana uwezo wowote. Mkosaji ana la kufanya kesho. Mtoto wa miaka saba hawezi kukwambia hivyo. Atapanga viatu tu.

Mke wangu alinichekea kwa hilo mwanzoni mwa ndoa. Wageni wakiingia, kabla hawajakaa, mimi nimeshainama.

Niseme wazi nilivyokuwa najiona wakati naoa. Nilijiona nimeshinda. Niliapa nikiwa kijana kwamba sitamwinulia mwanamke mkono, na kiapo hicho nimekishika. Nilidhani hapo ndipo kazi ilipoishia. Mwanasaikolojia Albert Bandura alikwisha kuonyesha mwaka 1961, kwa watoto 72 na mwanasesere mmoja wa kupulizwa, kwamba mtoto akimwona mtu mzima anapiga, naye atapiga, tena kwa mtindo uleule alioona. Mimi sikupiga, kwa hiyo nikajipa cheti.

Ila mtoto anajifunza pia kutoka kwa yule anayepigwa, na kutoka kwake mwenyewe, yule aliyelala chini ya shuka akijifanya hayupo. Mke wangu ni mtu wa kusema. Akikasirika anasema, anamaliza, anaendelea na shughuli zake. Mwezi wa tatu wa ndoa alisukuma droo kwa nguvu, akaanza kunieleza jambo nililomkosea, na kweli nilikuwa nimemkosea. Sikusikia hata neno la pili. Mikono ilikuwa baridi. Nilimtazama mdomo unavyokwenda, nikawa napumua polepole, usingizi ule wa bandia, macho wazi safari hii. Kisha nikatoka. Niliporudi sikusema kitu, na sikusema kitu kwa siku tatu. Nilikuwa mwema kabisa siku hizo tatu: nafua, nasafisha, naitikia salamu. Siku ya nne akaniambia, "Wewe ugomvi wako hauna sauti, lakini ni ugomvi. Bora ungefoka nikajua nimeolewa na mtu."

Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimejitoa kafara kuwa mtu asiyefoka. Kumbe yeye alikuwa anaishi kama nilivyoishi mimi utotoni: anasikiliza hatua zangu, anapima ukimya wangu ni wa aina gani.

Kwa dada yangu mambo yalikwenda njia nyingine. Mwanamume wake wa kwanza alikuwa mtu mtulivu, mwenye heshima zake, akamwacha. Aliniambia baadaye, akicheka kidogo, kwamba alikuwa haoni kama anapendwa, maana jamaa hakuwahi hata kumuuliza alikuwa wapi. Aliyefuata alimuuliza alikuwa wapi, na nani, na simu hiyo ilikuwa ya nani. Alipokuja kugundua kwamba amerudi kwenye nyumba ileile, ilishapita miaka minne na alishajifunza kujipaka poda kufunika alama. Alitoka. Mdogo wetu wa mwisho anasema yeye hakumbuki lolote la siku zile, na haoni sababu ya mtu kufukua makaburi. Lakini ukitaka kumwamsha huyo ndugu usimguse. Mke wake humwita kutoka mlangoni, kwa jina, na kungoja.

Watoto watatu wa chumba kimoja. Ndiyo maana nawaogopa wanaosema mtoto wa mpigaji atakuwa mpigaji, kama vile ni hesabu. Tafiti zilizounganishwa pamoja zimeonyesha kwamba uhusiano kati ya kukulia kwenye ukatili na kuingia kwenye ndoa yenye ukatili upo kweli, lakini ni wa kiwango cha chini hadi cha kati. Wengi hawapigi na hawapigwi. Jambo ambalo kipimo hicho hakilikamati ni siku zangu tatu za kufua nguo kimya.

Na madhara hayakomei kwenye mapenzi. Upo utafiti mkubwa wa madaktari Vincent Felitti na Robert Anda wa Marekani, uliotoka mwaka 1998, uliwauliza watu wazima zaidi ya 9,000 wa San Diego kuhusu mambo mabaya ya utotoni, na mojawapo ya maswali lilikuwa kama mama yao alifanyiwa ukatili. Takriban mmoja kati ya wanane alisema ndiyo. Waliokuwa na aina nne au zaidi za mateso hayo walikuwa na hatari mara 4 hadi 12 zaidi ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua. Hao walikuwa watu wenye bima ya afya, wengi wamesoma. Naitaja hiyo kwa sababu bado kuna watu wanaodhani mambo haya ni ya maskini.

Basi mtu ataniuliza, kama alivyowahi kuniuliza mama: kwa hiyo ningeondoka? Watu wote walimwambia avumilie kwa ajili ya watoto. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi siwezi kusimama leo, nimeshiba, nina mlango ninaoufunga mwenyewe, nikamfundisha mwanamke aliyekuwa na watoto watatu na hana pa kwenda. Kuondoka kuna hatari zake, na saa ya kuondoka mara nyingi ndiyo ya hatari kuliko zote. Ninachoweza kusema ni kwamba hoja ya "kwa ajili ya watoto" isitumike kabla watoto hawajahesabiwa kama watu waliomo ndani ya jambo. Uingereza ilipitisha sheria ya ukatili wa majumbani mwaka 2021 inayosema mtoto anayeona, kusikia au kupata madhara ya ukatili huo ni mwathirika mwenyewe. Imechukua mpaka 2021 kuandika kitu ambacho mtoto yeyote chini ya shuka angekieleza.

Nilimjibu mama hivi: ningependa kama mngetuambia. Alinitazama kwa muda. Akasema, "Tungewaambia nini?"

Ni swali zuri na nimelizungusha kwa miaka. Sisi Waswahili tunasema wagombanao ndio wapatanao. Mtoto wa nyumba yetu aliijua nusu ya kwanza peke yake. Ugomvi tuliusikia wote. Kupatana, kama kulikuwapo, kulifanyika mahali ambapo hatukuwa. Asubuhi tulikuta watu wawili wanapeana chumvi mezani na hakuna kilichotokea. E. Mark Cummings, aliyetumia miaka mingi akichunguza watoto na ugomvi wa wazazi, alipanga watu wazima wagombane mbele ya watoto kwa maigizo na kubadilisha namna ugomvi unavyoisha. Watoto walioona watu wanapatana walitulia. Waliokuta ugomvi umeachwa hewani walibaki na wasiwasi. Na hata mapatano yaliyofanyika faraghani, mtoto akielezwa baadaye kwamba yamefanyika, yalimsaidia.

Hapa nataka nieleweke, maana kuna ugomvi na kuna kipigo. Hilo la kupatana mbele ya mtoto ni dawa ya watu wawili waliotofautiana na wote wako salama. Palipo na kipigo, kukumbatiana asubuhi mbele ya watoto kunaweza kuwa somo baya kuliko la usiku, kwa sababu linawafundisha kwamba hivi ndivyo mapenzi yanavyokwenda. Pale kitu cha kwanza ni usalama, kisha mtu mzima mmoja wa kumwambia mtoto maneno mawili matatu ya kweli: ulichosikia kilitokea, si kosa lako, na si kazi yako kukizuia.

Mtu mzima mmoja. Mwanasaikolojia Emmy Werner alifuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 kwenye kisiwa cha Kauai, Hawaii. Miongoni mwa waliokulia katika shida nzito, ukiwamo ugomvi wa nyumbani, theluthi moja hivi walikua watu wazima imara, wenye upendo na kazi zao. Mara kwa mara nyuma yao alikuwapo mtu mmoja aliyewashika: bibi, jirani, mwalimu. Mimi nilikuwa na mama mdogo. Baada ya ile siku ya daftari alikuja chumbani kabla hajaondoka, akakaa kitandani, akasema, "Najua hamkulala." Hakuongeza neno. Dada yangu akalia mpaka akapata kwikwi. Nadhani hiyo sentensi ndiyo iliyonifanya nisipotee, ingawa siwezi kuithibitisha kwa utafiti wowote.

Kwa mnasihi nilikwenda nikiwa na miaka thelathini na nne, baada ya mke wangu kusema ama tunakwenda ama yeye anakwenda. Nitayafupisha: mwaka mzima wa kujifunza kubaki chumbani. Mnasihi alinipa zoezi la kijinga kwa kulitazama. Nikihisi mikono inapoa, niseme kwa sauti, "Nimeogopa, nipe dakika kumi, nitarudi." Na nirudi. Mara ya kwanza nilipoisema mke wangu alikaa chini. Alisema miaka yote alidhani ni dharau.

Wiki mbili zilizopita tuligombana tena, jambo la fedha, sauti zimepanda kidogo, si sana. Binti yetu ana miaka minne. Alitoka chumbani na mdoli wake, akasimama kati yetu, akaanza kucheza na kuimba kwa nguvu, anatugeukia mmoja mmoja kuona kama tunacheka. Hakuna aliyemtuma. Nilimwona anavyonisoma usoni na nikaijua ile kazi, kwa sababu niliifanya miaka mingi bila mshahara.

Nilipiga magoti. Nikamwambia baba na mama wanagombana kuhusu fedha, hakuna atakayempiga mwenzake, wala si yeye aliyekosea. Mama yake akaongeza kwamba bado hatujamaliza, lakini tutamaliza, na tukimaliza tutakuja kumwambia. Akauliza, "Mimi niendelee kuimba?" Nikamwambia akitaka, aimbe, ila si lazima.

Akafikiri. Akaenda kukaa na mdoli wake kwenye zulia, akitupa mgongo, akawa anamvalisha nguo. Tuliendelea na habari za fedha. Ilichukua kama robo saa, na nilitoka mara moja nikarudi. Tulipokwenda kumwambia tumemaliza tulimkuta ameinamia mdoli wake na mdomo wazi kidogo, amelala. Nilisimama pale nikimtazama kope kwa muda mrefu. Hazikutetemeka.